Ufa Usiojaa

Asubuhi ile tulikuwa watu tisa ndani na kando ya parseli yetu, yaani nyumba na uwanja wake, kule Majengo, Goma. Nawataja wote, kwa sababu baadaye hata waliokuwa sokoni walisimulia kana kwamba walikuwepo. Nilikuwepo mimi, mkubwa wa nyumba, msichana wa miaka kumi na sita. Alikuwepo mdogo wangu wa kiume, wa miaka kumi na miwili, na mdogo wetu wa mwisho, msichana wa miaka mitano, aliyekuwa amelala nyuma ya pazia. Alikuwepo shangazi, dada ya baba, aliyekimbia vita kutoka Rutshuru na mtoto mgongoni, na huyo mtoto naye namhesabu. Alikuwepo mama jirani, mjane wa kutoka milima ya Masisi, ambaye parseli yake ilikuwa chini ya yetu kwenye mteremko, naye alikuwa upande wa pili wa uzio. Alikuwepo shefu wa avenyu, kiongozi wa barabara yetu. Na walikuwepo wakaguzi wawili wa usafi, ambao mtaani tuliwaita watu wa ijeni: mzee mwenye daftari na kamba, na kijana mwenye kopo la rangi nyekundu.

Rangi ile ndiyo iliyotutetemesha. Wiki nzima walikuwa wanapanda avenyu kwa avenyu, na nyumba isiyokuwa na choo cha kukubalika walichora msalaba mwekundu mlangoni. Msalaba ulimaanisha siku saba. Ukishindwa kuchimba choo katika siku saba, mnatoka, na parseli inatafutiwa mtu mwenye uwezo wa kujenga. Sijui kama sheria ilisema hivyo kweli. Sheria hatukuiona. Tuliona milango, na tuliona magodoro yakitolewa nje.

Kwetu hofu ilikuwa na jambo lingine juu yake. Mama alipozikwa, mwaka mmoja baada ya baba kupotelea kwenye barabara ya Rutshuru, wajomba walikaa kikao sebuleni kwetu. Waliamua mdogo wangu wa kiume aende mji wa Kiwanja kwa mjomba mmoja, mdogo wa mwisho apelekwe upande wa Bukavu kwa mwingine, na mimi nitafutiwe mume. Nilisimama mbele yao nikasema tunabaki. Nilikuwa nimeshaacha masomo, mwaka wa pili wa sekondari, na nilikuwa naenda kila siku kupasua mawe ya kokoto pamoja na wamama. Nikawaonyesha mikono. Mjomba mkubwa alinitazama, akasema, "Sawa. Nyumba ikisimama, mutabaki. Siku nyumba itaanguka, kila mutoto ataenda kwenye tulisema." Tangu siku hiyo nilikuwa naitazama nyumba ile kama mtu anavyomtazama mgonjwa.

Na haikuwa nyumba ya kujivunia. Baba aliijenga kwa mbao, vyumba viwili, juu ya mawe meusi ya volkano. Mbao zilikuwa zimeachana, ukilala unaona mwanga wa jirani. Chumba kimoja tulilala sisi watatu, kingine kilikuwa cha kupokea wageni, na tangu vita ya Rutshuru ianze upya kilikuwa cha shangazi. Nyumba zote za avenyu yetu zilikuwa hivyo miezi ile. Ndugu walishuka na vyungu vichwani, wakapokelewa, na chumba cha watu wanne kikawa cha watu kumi. Maji tulichota mbali kwa bidoni, yale madumu ya plastiki, au tulingoja mvua. Kisha kipindupindu kikaingia, kwanza kwenye kambi za wakimbizi, halafu kwetu.

Asiyejua Goma hawezi kuelewa kwa nini choo kilikuwa taabu kiasi hicho. Mahali pengine mtu anachukua jembe anachimba. Kwetu chini ya unyayo ni jiwe tupu. Shimo la choo unalipasua kwa nyundo kubwa na baramini, kile chuma kirefu cha kuvunjia mwamba, na mtu mwenye nguvu anaweza kufanya kazi kutwa nzima akatoa mawe ya kujaza karai tatu. Mume wa mama jirani alipasua choo chake kwa miezi minne. Alipokimaliza aliingia ndani akasimama, na mkewe akaona juu ya kofia yake bado kuna kina. Wakachinja kuku. Mwaka uliofuata vita ilimchukua, na mama yule akabaki na mtoto mmoja wa kiume na shimo lile. Alikuwa akilifagia kila asubuhi kama watu wengine wanavyofagia sebule.

Baba yetu hakupasua chochote. Siku moja ardhi ilitetemeka, kama inavyotetemeka kwetu mara kwa mara, na kesho yake akakuta ufa nyuma ya nyumba, upana wa mguu, urefu wa mtu aliyelala. Akatupia jiwe. Hakulisikia likifika. Akacheka mpaka akakaa chini. Akaweka mbao juu, akaacha tundu, akajenga kibanda cha bati, na ndani ya siku mbili tukawa na choo. Wengine walikuwa wanajaza vyoo vyao kila baada ya miaka michache, wanainua kibanda juu ya ngazi, wanagombana na majirani. Chetu hakikujaa. Baba aliwaambia wageni, "Hii itatumikia mpaka wajukuu." Watu walikuja kukiangalia. Mimi mwenyewe nilikisifu shuleni. Katika miaka yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza vile vitu vinaenda wapi.

Basi watu wa ijeni waliingia. Mzee hakusalimia sana. Alifungua daftari juu ya goti.

"Nani mukubwa wa nyumba?"

"Njo mimi, papa."

Aliinua macho. "Wewe? Papa yako iko wapi?"

"Alikufaka."

"Na mama?"

"Naye vilevile."

Shefu wa avenyu akaingilia. "Muzee, hawa ni yatima, lakini nyumba beko nayo vizuri. Choo ya papa yao ilikuwa na sifa kupita kanisa."

"Muko bangapi humu?"

"Batano," nilisema.

"Kitanda ngapi?"

"Mbili."

Aliandika. Kijana mwenye rangi alikuwa ameshaingia ndani bila kuambiwa, na nilisikia hatua zake zikielekea pazia. Mdogo wetu alikuwa anaharisha tangu juzi. Nilikuwa nimempa maji ya chumvi na sukari, nimefua nguo zake kabla ya jua, nimejiambia ni tumbo la kawaida la watoto. Lakini nilijua kwamba mtu wa ijeni akikuta mgonjwa wa tumbo, anampeleka kwenye mahema ya kipindupindu, na mtaani ilisemwa kwamba anayeingia mle hatoki. Nyumba ya mgonjwa nayo ilichorwa msalaba hapohapo, choo kiwepo kisiwepo.

Pazia likavutwa. Shangazi alikuwa ameketi kitandani, amemlaza mtoto wake mchanga ubavuni mwa mdogo wangu, na kitambaa kimewafunika wote wawili.

"Harufu ya nini?" kijana aliuliza.

"Ya mutoto. Wewe hauna mutoto nyumbani?"

"Sina bado, mama."

"Basi utaijua. Funga pazia, banalala."

Alifunga pazia. Nilitoka nje nikapumua kwa mdomo.

Walienda nyuma. Mzee alikuwa na kamba yenye jiwe mwisho wake, imefungwa fundo kila mita moja. Ndivyo walivyopima vyoo. Choo cha fundo mbili kilikubalika, chini ya hapo ni msalaba. Akateremsha jiwe kwenye tundu letu. Fundo la kwanza likapita, la pili, la tatu, la nne. Mdogo wangu wa kiume akanitazama akitabasamu, na mimi nikaanza kutulia. La tano. Kamba ikaisha mkononi mwa mzee na jiwe bado linaning'inia.

"Muzee, tufunge na kamba ya viatu," kijana alisema. Shefu akacheka. Mdogo wangu akacheka.

Mzee hakucheka. Alivuta kamba juu polepole, akalishika jiwe, akalinusa, akaliweka chini.

"Nani alichimba hii?"

"Hakuna mutu alichimba, papa. Njo vile tuliikuta."

"Uchafu yake inaenda wapi?"

"Chini."

"Chini ya nani?"

Wote tuliangalia mteremko, na chini ya mteremko kulikuwa na uzio wa matete, na nyuma ya matete mama jirani alikuwa amesimama na ufagio mkononi, anatusikiliza.

Mama yule alikuwa na kitu ambacho wachache walikuwa nacho: shimo la maji ya mvua. Mumewe alilipasua kabla ya kupasua choo, akalipaka saruji, na bati za nyumba zilimwaga maji humo. Alilifunika kwa mbao na kufuli. Hata wakati wa kiangazi alitupa bidoni moja kwa siku, bila kuombwa, tangu mama yetu afe. "Chukua, mama," aliniambia, ananiita mama kama walivyoitwa mabinti wa kwao. Maji yale yalikuwa na ladha kidogo. Tulisema ni ladha ya bati.

Mzee wa ijeni akauliza kama tuna buluu ya kufulia, ile tunayotia kwenye mashati meupe. Shangazi akatoa kifuko chote. Mzee akaikoroga kwenye ndoo mbili za maji, akazimwaga kwenye tundu, halafu akatembea mpaka kwa mama jirani, sisi nyuma yake. "Mama, fungua maji yako, tuone kama buluu itafika."

Alifungua. Mama jirani akapiga magoti, akachungulia kabla yetu. Maji yalikuwa meupe, unaona saruji mpaka chini. Mzee aliketi juu ya jiwe, akangoja. Tulingoja muda mrefu, jua likapanda. Kila alipochungulia nilifunga macho. Maji yalibaki meupe.

Mwishoni akasimama. "Hapa haionekani. Lakini ile ufa si choo. Ile ni shimo ya kumwangia batu bengine uchafu. Muizibe leo. Na nyumba isiyo na choo..." Akamgeukia kijana. Kijana akafungua kopo.

Nakumbuka kifuniko kikianguka juu ya jiwe. Nakumbuka nikihesabu kichwani nguo za mdogo wangu wa kiume, zipi zitaingia kwenye mfuko wa kwenda Kiwanja, na Kiwanja siku zile ilikuwa vita.

"Beko na choo," alisema mama jirani.

"Wapi?"

"Hii hapa. Yangu. Batoto hawa banatumia choo yangu. Kile kibanda chao ni cha kuogea."

Shefu wa avenyu alifungua mdomo. Mama jirani akamtazama, na shefu akaufunga. Mzee akateremsha kamba kwenye choo cha mama jirani: fundo mbili na kidogo juu. Akahesabu watu kwenye daftari, wetu na wake. Akauliza, "Mama, unajua batu saba kwa shimo moja itajaa upesi?"

"Najua."

"Na kupasua ingine, ni nani atapasua?"

"Hiyo ni shida yangu na Mungu."

Kijana akaokota kifuniko. Wakaenda parseli ya pili, na dakika chache baadaye tukasikia kelele za huko, mwanamke akilia kwamba siku saba hazitoshi.

Nilimshika mama jirani mikono yote miwili. Alicheka. "Acha, unaniumiza, una mikono ya fundi wa mawe." Kisha akasema tuzibe ufa kabla ya mvua. Tuliuziba mchana uleule, mimi na mdogo wangu na shangazi, kwa mawe na kokoto nilizokuwa nimepasua mwenyewe, na nusu mfuko wa saruji tuliopewa na shefu kwa aibu yake. Tulipomaliza mvua ikashuka, kubwa, ikanyesha mpaka jioni. Niliingia ndani nikalala kama nimepigwa. Nilifikiri tumepona.

Asubuhi iliyofuata mama jirani alikuja mlangoni na kikombe. Hakubisha hodi. Alinipa mkononi.

Maji yalikuwa ya buluu. Si sana, kama shati jeupe lililosuuzwa vizuri. Nilitazama kikombe, nikamtazama yeye. Nyuma yangu mdogo wetu alikuwa anaugulia nyuma ya pazia, na nilielewa mambo mawili kwa wakati mmoja, na sijui lipi lilinitisha zaidi. La kwanza, mtoto wa mama yule alikuwa ameugua tumbo mara mbili msimu ule, mara ya pili wakamchukua kwenye mahema, akatoka mifupa mitupu. La pili, bidoni ile moja ya kila siku. Tulikuwa tumempa jirani uchafu wetu, naye akaturudishia kwa upendo, na tukanywa.

Nilipiga magoti. Nilisema hatukujua. Nilisema baba hakujua.

"Najua hamukujua," alisema. "Inuka."

"Utaenda kumwambia shefu?"

Nilisikia mtoto wake akikohoa kule chini.

"Jana nilisema choo yangu ni yenu. Kama jana maji ingekuwa hivi, sijui ningesema nini. Pengine ningenyamaza. Lakini nilishasema, na sina midomo mbili." Akachukua kikombe, akamwaga maji nje, taratibu. "Sasa sikiliza. Choo ya mume wangu itajaa mbele ya wakati, kwa sababu yenu. Wewe unapasua mawe. Utanipasulia ingine. Kina ileile. Fundo mbili na kidogo. Haiko pesa nataka. Nataka shimo."

"Nitapasua, mama."

"Na mutoto wako anaugua. Usinidanganye, shangazi yako ananuka uongo tangu jana. Mupeleke leo."

Nilimpeleka mwenyewe, mgongoni, kwenye mahema, saa ile ile. Niliwaza njiani kwamba nampeleka kufa na kwamba nyumba naipeleka pamoja naye. Wakamtundikia dripu ya maji mkononi. Watu wakaja kupuliza dawa nyumbani kwetu, na mzee wa ijeni alikuja nao. Alizunguka nyuma, akaukanyaga ufa tuliouziba, mara mbili, kwa kisigino. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mgongo wangu umefunika mbao ambazo zingepakwa rangi. Alinipita akasema tu, "Kunywa maji ya kuchemsha," akaenda. Mdogo wetu alitoka siku ya sita. Alikuwa mwepesi kama nguo kavu, na alidai mkate.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza, na haijaisha.

Nilichagua mahali upande wa chini wa parseli ya mama jirani, mbali na maji yake, ambayo alikuwa ameyamwaga yote na kuupaka ukuta saruji mpya. Kutwa nilipasua mawe ya watu kwa ajili ya chakula, na nikirudi, kabla ya giza, nilipasua shimo lake. Siku nyingine nilitoa karai moja. Mwamba wa kwetu una tabia: juu una matundu, unavunjika, unakudanganya, chini unakuwa mzito na nyundo inaruka. Nilipofika magotini choo cha zamani kilikuwa kimejaa robo tatu. Nilipofika kiunoni vita ilikaribia mji, mabomu yakaanguka, tukakimbia wote, sisi watatu na shangazi na mtoto wake na mama jirani na wake, tukalala siku nyingi chini ya turubai ya wengine. Tuliporudi, nyumba zilikuwa zimesimama. Niliigusa yetu kwa mkono. Lakini watu waliokuwa wamejificha pale walikuwa wamelijaza shimo langu takataka na mawe. Mdogo wangu wa kiume alisema tuchague mahali pengine. Nikaliondoa jiwe moja moja kwa wiki tatu.

Vita zimekuja na kwenda mara nyingine tangu hapo, na kila mara nimerudi nikakuta shimo limejazwa tena, nikaanza kuliondoa upya. Shangazi alirudi Rutshuru, akakimbia tena, akarudi tena. Mdogo wangu wa kiume ameoa. Mdogo wetu wa mwisho amemaliza sekondari, na ndiye aliyesomea afya. Anacheka akisema amesomea kinyesi chetu. Hakuna aliyepelekwa Kiwanja wala Bukavu. Nyumba ya mbao bado ipo, tumebadilisha mbao zote moja baada ya nyingine, na juu ya ufa kuna sakafu ya saruji ambayo kila baada ya tetemeko naipigia magoti na kuitazama kama imepasuka.

Choo cha mume wa mama jirani kilijaa zamani. Amejengewa kingine juu ya ngazi, cha muda, cha mbao, na kwa umri wake zile ngazi ni adhabu. Hanilalamikii. Jumapili baada ya misa anakuja na fimbo yake mpaka kwenye shimo langu, na anayo kamba aliyoitengeneza mwenyewe, jiwe mwisho wake na fundo kila mita, kama ile ya mzee wa ijeni. Anaiteremsha. Mimi niko chini, nalishika jiwe liguse mwamba vizuri, nisimdanganye hata kidole.

Jumapili iliyopita fundo la kwanza lilipita ukingo, na juu yake kiganja kimoja cha kamba. Kutoka pale mpaka fundo la pili ni mwamba ule mzito, ule ambao nyundo inaruka. Aliikunja kamba polepole, akaitia kwenye mfuko wa kitenge chake.

"Bado, mama," aliniambia.

"Bado, mama," nikamjibu, nikaokota baramini.